SI KILA MHINDI NI MHINDU



Tukipanda basi hapa Kibamba tukafuata barabara ya Morogoro, tunafika katikati ya Dar es Salaam. Huko uko mtaa wa Kisutu, na katika mtaa huo yako mahekalu ya Wahindu. Wengi wetu tumepita hapo. Tumesikia kengele, tumeona viatu nje ya mlango, tukapita zetu. Tukirudi kijijini tunasimuliana: ati mle ndani mna uchawi! Je, nani kati yetu amewahi kuuliza? Mtu anayejua kusoma hategemei uvumi. Basi, leo tujifunze.

Mhindi na Mhindu

Mhindi ni mtu mwenye asili ya nchi ya India. Mhindu ni mfuasi wa dini ya Kihindu. Wahindi wengine ni Waislamu, kama Waismailia na Mabohora. Wengine ni Singasinga. Magoa wengi ni Wakristo. Wazee wetu walimwita Mhindu kwa jina la Banyani.

Walifikaje hapa?

Zamani walikuja kwa majahazi. Upepo wa kaskazi uliwaleta, upepo wa kusi uliwarudisha. Wengi walitoka Kachi na Gujarati, magharibi ya India. Katika miaka ya 1840, Mhindu mmoja aitwaye Jairam Shivji ndiye aliyesimamia ushuru wa forodha ya Zanzibar chini ya Sultani Said. Sultani Majid alipoanza kujenga Dar es Salaam katika miaka ya 1860, wafanyabiashara wa Kihindi nao walifika.

Maneno yao yameingia katika lugha yetu. Tunaposema gari, laki, bepari au chapati, tunatumia maneno yaliyotoka India.

Mwaka 1971 Serikali ilitaifisha majumba makubwa ya kupangisha. Wahindi wengi walihama nchi. Wengine walibaki, na ibada katika mahekalu iliendelea.

Ndani ya hekalu

Anayeingia huvua viatu, kama tufanyavyo msikitini. Kisha hugonga kengele. Mbele yake kuna sanamu zilizovishwa nguo na maua. Yuko Shiva, yuko Krishna, yuko na Ganesh mwenye kichwa cha tembo. Ganesh huombwa mtu anapoanza kazi mpya, kama kufungua duka. Wahindu wengi husema kwamba Mungu ni mmoja, na hizo ni sura zake mbalimbali.

Kuhani huwasha taa ya samli, akaizungusha mbele ya sanamu huku watu wakiimba. Ibada hiyo huitwa arati. Baadaye watu hugawiwa matunda au vitu vitamu vilivyotolewa sadaka.

Sikukuu yao kubwa ni Diwali. Huwa mwezi wa Oktoba au Novemba, usiku usio na mbalamwezi. Kila nyumba huwashwa taa ndogo, maana yake nuru hushinda giza.

Mbona wanachoma maiti?

Swali hili huulizwa sana, na wengine husema ni ukatili. Kumbe kwao ni heshima. Wanaamini kwamba roho haifi. Mwili umekwisha kazi yake, na roho itazaliwa tena katika mwili mwingine. Sisi tunamzika ndugu yetu kwa machozi. Wao humchoma ndugu yao kwa machozi yale yale.

Tufanye nini?

Katiba ya nchi yetu ya mwaka 1977, Ibara ya 19, inampa kila mtu uhuru wa kuabudu. Uhuru huo unamlinda Mwislamu, Mkristo, Mhindu, na anayefuata mila za mababu. Tukimdhihaki jirani kwa dini yake leo, kesho atadhihakiwa nani? Hatulazimiki kufuata dini yake. Tunalazimika kumheshimu.

Tunayo methali: Banyani mbaya, kiatu chake dawa. Tukiitazama vizuri, methali hii inatusema sisi wenyewe. Tunamkataa mtu, lakini kitu chake tunakitaka!

Maswali ya kujadili kikundini

1. Kuna tofauti gani kati ya Mhindi na Mhindu?
2. Taja maneno matatu ya Kiswahili yaliyotoka India.
3. Kwa nini Wahindu huchoma maiti?
4. Ni uvumi gani kuhusu dini ya wengine unasikika kijijini kwenu? Mtafanya nini kuupata ukweli?