Vidonda vya Tumbo: Nani Anabomoa Ukuta?



Kila tunapowatembelea hatukosi kumpata mama aliyefunga tembe nyeupe za kutafuna kwenye pindo la leso, au mzee aliyezitia mfukoni mwa koti. Maharagwe hali, na usiku njaa ikimshika huamka akishikilia tumbo. Ukimwuliza, atakwambia, "Ni vidonda, vililetwa na mawazo." Mama mmoja alituambia amenunua tembe hizo miaka tisa. Pigeni hesabu wenyewe, hizo ni mbuzi wangapi?

Zamani hata madaktari walilaumu mawazo na pilipili. Waliogeuza jambo hili ni madaktari wawili wa mji wa Perth, Australia. Mwaka wa 1979 Robin Warren aliona kwa darubini vijidudu vilivyojipinda katika vipande vya nyama vilivyotolewa tumboni mwa mgonjwa. Wengi hawakusadiki, kwani ilidhaniwa hakuna kijidudu kinachoweza kuishi katika asidi ile. Yeye na mwenzake Barry Marshall walijaribu kuvikuza, vikakataa. Basi Pasaka ya 1982, kwa sababu ya sikukuu, sahani za maabara ziliachwa siku zaidi ya kawaida, na waliporudi wakakuta vimeota! Watu walipozidi kubisha, mwaka wa 1984 Marshall alivinywa mwenyewe. Baada ya siku chache akaanza kutapika, na kipimo kikaonyesha tumbo lake limevimba kwa ndani. Mwaka wa 2005 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel. Kijidudu hicho huitwa Helikobakta pilori.

Tumbo limepakwa ute mzito kwa ndani, kama ukuta wa nyumba ya udongo unavyopakwa, ili asidi isichome nyama. Kijidudu hujificha ndani ya ute huo na kuudhoofisha, asidi ikapenya. Hapo ndipo kidonda huanza, tumboni au mwanzo wa utumbo mwembamba. Mwili wenyewe hujua kuziba: ngozi ya kando ya kidonda husogea polepole mpaka ifunike shimo. Lakini kama mbomoaji bado yumo ndani, fundi atamaliza lini? Ndiyo sababu tembe za kutafuna hutuliza kidogo tu, na maziwa pia, ambayo baadaye hulifanya tumbo kutoa asidi zaidi.

Kwa hivyo ukifika zahanati uliza kipimo cha choo au cha pumzi. Ukipatikana na kijidudu, utapewa antibiotiki zaidi ya moja pamoja na dawa ya kupunguza asidi, mara nyingi kwa wiki mbili. Hapa ndipo wengi wetu huanguka. Siku ya tano maumivu yakipoa, zilizobaki anapewa jirani! Vijidudu vilivyosalia huweza kuwa sugu, na kuvitibu tena huwa kazi ngumu.

Mbomoaji wa pili yuko dukani: aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Mtu ametoka kulima, mgongo unauma, anameza mbili, na kesho tena. Dawa hizi huzuia mwili kutunza ule ute. Hata ukizimeza baada ya kula, hatari haiishi, kwa sababu hufanya kazi hiyo zikiwa ndani ya damu. Lakini aliyeandikiwa aspirini kwa ajili ya moyo asiache mwenyewe, amwulize daktari.

Choo kikiwa cheusi kama lami, au mtu akitapika damu, au tumbo likimkata ghafla na kukaza, msingoje asubuhi. Apelekwe hospitali saa hiyo hiyo.

Tusimcheke mwenye mawazo, maana shida huzidisha maumivu. Pia si kila mwenye kijidudu hupata vidonda. Kijidudu huingia kwa mdomo, mara nyingi tukiwa watoto, na huambukizana nyumbani.

Ya kujadiliana kikundini: Ni nani kati yetu hununua dawa za maumivu kila wiki, na kwa nini? Mwenzetu akianza dawa za wiki mbili, nani atamkumbusha kila jioni? Je, mfuko wetu unaweza kumkopesha pesa za kipimo?