JIRANI WA MLANGO WA KARIBU

Sifa zote njema zinamstahikia Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo:

Jirani wa karibu na jirani wa mbali

Katika Suratun Nisaa, aya ya 36, Mwenyezi Mungu (S.W.T.) ameamrisha aabudiwe Yeye peke Yake, kisha katika aya hiyo hiyo akaamrisha wema kwa wazazi, jamaa, mayatima, maskini, jirani wa karibu na jirani wa mbali. Wafasiri wengi wamesema kuwa jirani wa karibu ni aliye wa ukoo, na wa mbali ni yule asiye na nasaba nawe. Basi ugeni wa mtu haumtoi katika ujirani, bali aya imemtaja kwa ugeni wake na ikampa haki.

Wanavyuoni wamewagawa majirani mafungu matatu. Jirani Mwislamu aliye jamaa ana haki tatu: ya ujirani, ya Uislamu na ya udugu. Jirani Mwislamu asiye jamaa ana haki mbili. Na asiye Mwislamu ana haki moja, nayo ni ya ujirani.

Wala mtu asidhani kuwa hukumu ya baraa inaiondoa haki hiyo. Baraa mahali pake ni moyoni. Ama haki ya mzazi, ya jirani na ya mwenzi wa safari hubaki pale pale. Nyumbani kwa sahaba Abdullahi bin Amr kulichinjwa mbuzi, naye akauliza, tena akakariri, kama jirani yao Myahudi amekwisha pelekewa.

Kipimo ni mlango

Bi Aisha (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.): ana majirani wawili, ampelekee zawadi yupi kati yao? Akajibiwa kuwa ampelekee yule ambaye mlango wake uko karibu naye zaidi. Tazama, ewe ndugu Mwislamu: kipimo hakikuwa kabila, lugha wala umri. Kipimo kilikuwa mlango.

Familia ngapi katika miji ya Ghuba hupanda gari kila Ijumaa kwenda mwendo mrefu kuwazuru jamaa na watu wa lugha yao! Kuunga udugu ni wajibu, na ujira wake ni mkubwa. Lakini njiani hupita mbele ya mlango wa bibi mzee wa Kiarabu anayeishi peke yake, au wa mtu wa Kerala aliyeacha wanawe kwao, na miaka hupita wasijue hata jina lake. Akiugua, hawana khabari. Akifa, huwajulisha gari lililokuja kumchukua.

Na Waswahili wa Oman wana sababu zaidi ya kulielewa jambo hili. Baada ya mwaka 1970 familia nyingi zilirejea Oman kutoka Zanzibar na bara, na wengi wao Kiarabu hawakukijua. Aliyeonja kusimama mlangoni bila ya neno la kusema hapaswi kumwonjesha mwingine.

Mkubwa na mdogo

Mtume (S.A.W.) amefundisha kuwa mdogo ndiye aanzaye kumsalimu mkubwa. Basi kijana asiseme, "Yule mzee hajapata kunisalimu." Salamu ni juu yake yeye kuianza. Na mzazi amtume mtoto kwa jirani mzee: amchukulie mzigo wake ngazini, ampelekee sahani ya futari, amwulize hali yake. Mtoto hujifunza Kiarabu na adabu, na mzee hupata mtu wa kumwita usiku akizidiwa.

Vilevile katika nyumba nyingi yumo bibi ajuaye Kiswahili tu, na wajukuu wake wanasema Kiarabu na Kiingereza. Wajukuu wawe ulimi wake, wawafasirie yeye na jirani, asije akazeeka katika upweke ilhali watu wamemzunguka.

Mipaka yake

Wema huu una adabu zake. Mwanamume asiwe faragha na mwanamke asiye maharimu wake, ingawa ni jirani. Siri za nyumba ya watu zisitolewe. Asiye Mwislamu atendewe uadilifu na hisani, kama ilivyobainishwa katika Suratul Mumtahina, aya ya 8, bila ya kushirikiana naye katika yaliyoharamishwa. Na zawadi iwe ya kumfaa: Wahindu wengi hawali nyama ya ng'ombe, basi tende au matunda ni bora kwao.

Mwenyezi Mungu atujaalie kuwa miongoni mwa wanaotekeleza haki za jirani. Amin.

Maswali

1. Ni nani jirani wa karibu, na ni nani jirani wa mbali?
2. Jirani asiye Mwislamu ana haki gani?
3. Taja jina la mtu wa mlango ulio karibu zaidi na wako. Ukishindwa, nenda ukamsalimu kabla ya somo lijalo.