Konde la Matemwe Halipimwi kwa Eka

Watu wanaohamia huku mashariki ya Unguja, na hata vijana wa hapahapa waliorudi kutoka mjini, huniuliza swali moja: "Matemwe kunaota nini?" Nami huwajibu kwa swali: udongo wako una kina gani? Wengi hushangaa. Wao wamekuja na hesabu ya eka, mimi nawauliza habari za chini.

Huku tunalima juu ya jiwe la matumbawe. Eka nzima inaweza kuwa na udongo wa kujaza vikapu vichache tu, na robo eka ya jirani ikamlisha mtu na watoto wake, kwa sababu mawe yake yamepasuka vizuri na mapengo yake yamejaa. Kwa hiyo mwongozo huu hauanzi na mbegu. Unaanza na kujua umesimama juu ya nini.

Kisiwa kimoja, udongo wa namna nyingi

Unguja nzima haifiki kilomita za mraba 1,700, lakini udongo wake hubadilika kwa safari ya daladala. Ukitoka mjini kuja Matemwe, mwendo wa kilomita kama 50, kaa dirishani uangalie miti. Mwanzo utaona minazi mirefu, mifenesi, miembe mikubwa, migomba iliyoshiba. Ukifika Mahonda ni miwa. Kinyasini kuna mabonde ya mpunga. Ukishageukia mashariki, miti inafupika, vichaka vinasongamana, na mawe ya kijivu yanatokeza kila mahali. Hapo hakuna haja ya kuuliza umefika wapi.

Wakulima wa Unguja wana majina ya udongo wao, na ukiyajua majina hayo nusu ya kazi umeimaliza.

*Kichanga* ni udongo mwepesi, unapitisha maji haraka na mbolea huondoka nayo. Unafaa mihogo, viazi vitamu, njugu nyasa, mananasi na minazi.

*Kinongo* ni udongo mwekundu au wa kahawia uliotokana na kuoza kwa mawe ya chokaa. Ukiwa na kina, hubeba migomba, michungwa, miembe, mahindi na mboga za kila aina.

*Kinamo* ni udongo mzito wa mabondeni, unaonata wakati wa mvua na kupasuka wakati wa jua. Ndio wa mpunga, majimbi na miwa. Mabonde ya Cheju na Kibokwa ni mfano wake.

*Uwanda* ni udongo mwembamba uliotandazwa juu ya bamba la jiwe. Hufaa malisho na mazao ya muda mfupi.

*Maweni* ni mawe yenyewe, na udongo umejificha kwenye mashimo na nyufa. Sehemu kubwa ya Matemwe ni aina hizi mbili za mwisho, pamoja na mchanga mweupe wa ufukweni na mifuko ya kinongo hapa na pale.

Historia ya kisiwa imefuata udongo huu. Mashamba ya mikarafuu ya karne ya 19 yalikwenda magharibi na kati, kwa sababu mkarafuu unataka udongo wa kina usiotuamisha maji. Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ilipotaifisha ardhi na kugawa eka tatu tatu, zilizogawiwa zilikuwa za ukanda huohuo wa mashamba. Ardhi ya mawe ilibaki kulimwa na wanavijiji kwa desturi zao: kufyeka, kutia moto, kulima misimu michache, kisha kuliacha pori lirudi. Siku hizi watu wameongezeka na hoteli zimepanda bei ya ardhi, kwa hiyo muda wa kulipumzisha konde umefupika. Ndiyo sababu lazima tulime kwa hesabu zaidi kuliko babu zetu.

Hatua ya kwanza: chomeka nondo

Tafuta kipande cha nondo chenye urefu wa mita moja hivi. Kitie alama za rangi kwa shubiri na kwa dhiraa. Subiri mvua ilainishe ardhi, kisha tembea kondeni ukiichomeka kila penye udongo. Ikigonga jiwe, soma alama. Usiridhike na pigo moja. Isogeze kiganja kushoto na kiganja kulia, maana mara nyingi ulichogonga ni kijiwe tu, na pembeni yake kuna ufa unaokwenda chini sana. Penye ufa wa namna hiyo weka kijiti cha alama. Hapo pana thamani.

Ukimaliza utakuwa na ramani, nayo ndiyo itakayokuchagulia mazao:

Chini ya shubiri moja, panda mchicha, kunde na choroko. Zinavunwa mapema kabla jua halijaukausha udongo.

Shubiri moja hadi mbili, panda mtama, tungule, pilipili, bilingani na mabamia. Maboga na matikiti nayo yanafaa: mizizi hukaa kwenye udongo, na mashina hutambaa juu ya mawe ambako hakuna kingine kingeota.

Dhiraa moja na zaidi, panda mihogo na mipapai.

Penye ufa mrefu, hata kama juu pana udongo wa kujaza kofia, panda mbaazi, mlonge, mkwaju au mndimu. Mizizi yake hujua kuteremka.

Mbaazi naitilia mkazo. Inakula kidogo, inarutubisha udongo kwa naitrojeni, majani yake yakidondoka yanakuwa mbolea, na inastahimili kiangazi. Ukiwa na konde lililochoka, anza nayo.

Hatua ya pili: mwagia siki

Chukua udongo mkavu kiganjani, udondoshee matone ya siki nyeupe ya jikoni, kisha sogeza sikio. Udongo wa kijivu wenye vipande vya matumbawe utachemka na kutoa povu. Ule mwekundu uliojificha ndani ya mashimo mara nyingi hukaa kimya, au hutoa viputo vichache tu kutoka kwenye punje nyeupe zilizochanganyika nao.

Povu ni dalili ya chokaa. Udongo wenye chokaa nyingi huyashika madini kama chuma, zinki na fosforasi, mmea ukabaki na njaa huku chakula kipo. Utaona kwenye majani. Majani machanga yakiwa ya njano huku mishipa yake ikibaki kijani, hiyo ni njaa ya chuma. Majani ya zamani, yale ya chini, yakianza kugeuka njano yote kwa pamoja, hapo kinachokosekana ni naitrojeni. Watu wengi hawatofautishi haya mawili, wanaongeza mbolea ya kukuzia, na njano inabaki palepale.

Kwa hiyo penye povu:

Usitie majivu. Mkulima wa kichanga cha magharibi ananufaika nayo kwa sababu udongo wake una uchachu. Wako hauna.

Ukinunua mbolea ya dukani, SA (salfeti ya amonia) inafaa kuliko urea, kwa sababu inapunguza ukali wa chokaa. Urea ikiachwa juu ya udongo huu, sehemu yake hupotea hewani. Kama ndiyo uliyonayo, ifukie na umwagilie papo hapo.

Dawa kubwa ni samadi na mboji. Iliyooza vizuri, ichanganye na udongo ndani ya shimo lenyewe, usiitawanye juu ya mawe.

Hatua ya tatu: tengeneza shimo

Kwa mpapai au tungule za kuuza, usitegemee shimo kama ulivyolikuta. Chukua mtaimbo, tanua ufa, toa mawe yaliyolegea. Usiyatupe: yapange upande upepo unakotokea, yawe ukuta mdogo. Chini ya shimo laza makumbi ya nazi, upande wa nyuzi ukitazama juu. Yanashika maji ambayo yangepotea moja kwa moja kwenye mapango. Juu yake weka udongo uliochanganywa na samadi kwa vipimo sawa, panda, kisha funika kwa makuti makuukuu au majani makavu.

Tahadhari moja ya hapa kwetu: usichukue makumbi yaliyokwisha kufukiwa pwani kwa kutolea usumba. Yamelowa chumvi. Hali kadhalika mwani uliotupwa na maji ufukweni: ni mbolea nzuri, lakini uache unyeshewe na mvua za masika kwanza.

Maji, upepo na wanyama

Visima vya mashariki vinachota maji matamu yanayoelea juu ya maji ya bahari ndani ya jiwe. Vikivutwa sana, chumvi hupanda. Onja maji kabla ya kumwagilia, na ukiona utando mweupe juu ya udongo, punguza maharage na uongeze mchicha, ambao huvumilia zaidi.

Karibu na ufukwe upepo wenyewe unabeba chumvi. Panda mivinje au milonge kwanza upande wa bahari, mboga zifuate nyuma yake.

Kima na nguruwe mwitu hawasomi ramani. Mahindi na mihogo karibu na pori yanataka mlinzi. Mbuzi wa kijiji huzuiwa kwa ukuta wa mawe ya kupanga, na mawe ndiyo kitu pekee ambacho hatununui.

Msimu

Mtama, mbaazi na maboga huingia na mvua za masika, kuanzia Machi. Tungule nazipanda kitaluni kuelekea mwisho wa masika ili nizihamishe Juni, kipupwe kikianza. Ukizihamisha katikati ya mvua kubwa, ukungu unazimaliza. Kunde na choroko hurudi tena kwenye vuli, Oktoba hadi Disemba.

Ukiwa na mzee jirani anayejua kuhesabu miongo, muulize. Hesabu hiyo huanzia siku ya Mwaka, ile ambayo Makunduchi huiadhimisha kila Julai kwa Mwaka Kogwa, na huzigawa siku kumi kumi. Nilimwuliza bibi mmoja jirani yangu, "Shikamoo bibi, nipande lini?" Akaniuliza, "Mwongo gani huu?" Sikuwa na jibu. "Basi kahesabu kwanza, mwanangu, ndipo uje uniulize." Hesabu hiyo haina mwaka mrefu, kwa hiyo siku ya Mwaka husogea polepole dhidi ya kalenda ya ukutani, lakini ina faida moja: inamlazimisha mtu kuangalia upepo na mawingu, badala ya kungoja tarehe.

Nisichopanda

Migomba, shokishoki, doriani na mikarafuu sipandi, hata nikipewa miche bure. Mgomba juu ya uwanda ni mgonjwa wa kulea: maji kila siku, samadi kila mwezi, na mkungu wenyewe hauzidi kiganja. Kwa maji hayohayo napata tungule za msimu mzima.

Ndizi nazinunua Kinyasini. Wauzaji wa kule nao hununua pilipili na matikiti ya huku, na hawanipunguzii bei kwa kuwa yametoka maweni. Kwa hiyo kabla hujaingia duka la pembejeo, nunua nondo. Mbegu zitangoja.