Je, Lisemwalo Lipo?

Wahenga walisema: Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Methali hii yatuonya tusipuuze habari. Lakini mambo ya Iraki yaonyesha kwamba lisemwalo huenda lisiwepo wala lisije, na watu wakafa kwa sababu yake.

Kwanza, haifai kusema kwamba waliomshuku Rais Saddam Hussein hawakuwa na sababu. Mwezi wa Machi 1988 majeshi yake yaliua maelfu ya raia kwa gesi ya sumu katika mji wa Halabja. Baada ya vita vya 1991, wakaguzi wa Umoja wa Mataifa walikuta silaha za sumu Iraki, wakaziharibu. Walikuta pia kazi ya bomu la atomiki imefika mbali kuliko wapelelezi walivyodhani. Basi swali la 2002 lilikuwa hili: Je, ziko nyingine zilizofichwa?

Serikali za Marekani na Uingereza zilisema ziko. Na tuupime ushahidi wao kwa maswali matatu.

La kwanza: Ni nani aliyeona kwa macho yake? Tarehe 5 Februari 2003 Colin Powell, Waziri wa Nchi za Nje wa Marekani, aliliambia Baraza la Usalama kwamba Iraki ina maabara za vijidudu vya maradhi ndani ya magari. Habari hiyo ilitoka hasa kwa mkimbizi mmoja aliyekuwa Ujerumani, aliyepewa jina la siri Curveball. Wapelelezi wa Marekani hawakupata nafasi ya kumhoji wenyewe kabla ya vita. Mwaka 2011 alikiri kwamba aliitunga. Neno la mtu mmoja, hata likipita vinywa kumi, ni neno la mtu mmoja.

La pili: Je, karatasi yenyewe ni ya kweli? Ilidaiwa kwamba Iraki ilitaka kununua urani nchini Niger. Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki lilipozichunguza hati za habari hiyo, liliona ni za kughushi. Barua moja ya mwaka 2000 ilikuwa na sahihi ya waziri aliyeuacha uwaziri huo tangu 1989! Mkuu wa Shirika, Mohamed ElBaradei, alitangaza tarehe 7 Machi 2003 kwamba hati hizo si za kweli. Vita vilianza siku kumi na tatu baadaye.

La tatu: Kitu kisipoonekana, twasemaje? Wakaguzi walirudi Iraki Novemba 2002, wakapita mamia ya mahali, wasione akiba iliyodaiwa. Kiongozi wao, Hans Blix, alisema kazi yahitaji miezi zaidi. Wengine wakajibu kwamba silaha hazionekani kwa kuwa zimefichwa vizuri. Hapo hoja iliharibika. Zikionekana, zipo, zisipoonekana, zipo. Hoja ya namna hiyo haipimiki.

Baada ya Saddam kuangushwa, watu zaidi ya elfu moja walizitafuta. Taarifa ya Charles Duelfer ya 2004 ilisema akiba hiyo haikuwako. Vilivyopatikana ni vikombora vya zamani, vya kabla ya 1991. Katika miaka iliyofuata zaidi ya raia laki moja wa Iraki waliuawa. Taarifa ikisahihishwa, maiti hafufuki.

Wanafunzi wenzangu, kuwa na shaka si kukataa. Anayekataa kila neno hukosea kama yule anayeamini kila neno. Mwenye shaka njema huuliza, hungoja jibu, na hukubali jibu hata kama halimpendezi. Hata hapa bwenini, mwenzetu akishukiwa wizi, tuulize: nani aliona? Ushahidi wenyewe ni wa kweli? Na sanduku lake likifunguliwa lisiwe na kitu, je, tutamwacha? Tukizoea kuuliza hivyo katika mambo madogo, tutaweza kuuliza katika makubwa tutakapokuwa raia wenye kura.

Mwanafunzi, Kidato cha Nne