Antena ya Nje kwa Mtumiaji Aliye Mbali na Mnara

Tangu Tanzania ianze kuzima mitambo ya analojia tarehe 31 Desemba 2012, chenga zimetoweka. Hata hivyo, mawimbi ya dijitali yakipungua kupita kiwango, picha huganda, kisha hukatika kabisa. Kwa mkazi wa kijiji kilicho mbali na miji ya Shinyanga, Kahama au Geita, antena isiyofaa ni fedha iliyopotea. Kabla ya kununua, zingatia yafuatayo:

1. Umbali. Usishawishiwe na kilomita zilizoandikwa kwenye boksi. Katika tambarare, mnara wa mita 150 na antena iliyoinuliwa mita 9 huonana hadi takriban kilomita 60. Zaidi ya hapo, au nyuma ya kilima, mapokezi hayana uhakika.

2. Aina. Chagua antena ya UHF yenye vijiti vingi, inayoelekezwa upande mmoja. Tazama antena za majirani wanaopata picha safi: zimeelekea wapi, na vijiti vimelala au vimesimama?

3. Kikuza mawimbi. Hufidia upotevu katika waya mrefu, hivyo kifungwe karibu na antena. Pasipo na mawimbi, hakina cha kukuza.

4. Usalama. Nguzo iwe mbali na nyaya za umeme, nayo iunganishwe na waya wa ardhi. Radi ikianza, usipande juu ya paa.

Mtake fundi ajaribu mapokezi nyumbani kwako kabla hujalipa. Mawimbi yasipofika, dishi la setilaiti na king'amuzi chake ndilo chaguo sahihi. Dai risiti na uitunze.