Kusevu Kila Shimo: Somo Kutoka Gemu la Zamani

Boom likichelewa, burudani ya hosteli huwa ni magemu ya zamani kwenye simu. Kinachowezesha ni emuleta, yaani programu inayoigiza mashine nyingine: inasoma maelekezo yaliyoandikwa kwa ajili ya mashine ya zamani na kuyatekeleza kwa namna ambayo simu yako inaielewa. Super Mario Bros. ya Nintendo, iliyotoka mwaka 1985, ina kilobaiti 40 tu. Picha moja ya WhatsApp mara nyingi huizidi.

Gemu hilo lina hatua 32. Unaanza na maisha matatu, na halikuwa na kusevu. Emuleta ndiyo iliyoongeza: ukibonyeza, inanakili kumbukumbu yote ya mashine kwa sekunde ile, hata kama Mario yuko hewani. Ukifa, unarudi palepale.

Likizo iliyopita nilisevu kabla ya kila shimo, nikamaliza gemu usiku mmoja. Nikajigamba. Mdogo wangu akasema, "Haya kaka, cheza bila kusevu." Sikuvuka hatua ya tatu. Dogo alicheka mpaka akakaa chini. Gemu nilikuwa nimelimaliza, ila kulicheza sikujua.

Hapo nikaikumbuka sapu yangu ya takwimu mwaka wa pili. Mitihani ya nyuma niliifanya yote, lakini majibu yalikuwa pembeni. Nikikwama natupa jicho, naendelea. Kila swali najiambia, "hili nalijua." Kwenye chumba cha UE hakuna kitufe cha kurudi nyuma.

Roediger na Karpicke, watafiti wa Marekani, walilipima jambo hili mwaka 2006. Baada ya dakika 5, wanafunzi waliorudia kusoma walikumbuka zaidi. Baada ya wiki moja, waliojipima bila kuangalia ndio waliokuwa mbele.

Basi tuache kusevu? Hapana. Sevu mwanzo wa sehemu inayokushinda, irudie mpaka mkono uizoee, kisha anza gemu upya bila kusevu. Desa nalo ni hivyohivyo: soma mfano, ufunike, fanya mwenyewe kwenye karatasi tupu, ndipo ufunue usahihishe. Ukikosea, rudia swali zima, siyo ule mstari tu.

Na sisi tunaokwenda kufundisha tuna deni zaidi. Mwanafunzi anayeitikia "ndiyo mwalimu" wakati mfano bado uko ubaoni, huyo bado anacheza kwa kusevu. Futa ubao kwanza, ndipo umuulize.