SOMO LA ROBO HII: SHAURI JEMA HALIFUNIKI JERAHA

Maandiko ya kusoma: Ayubu 2:11-13, 2 Samweli 13:1-29, Mathayo 18:15-17, Wagalatia 6:2.



Hapa Mpui, kama kwingine Ufipa, magomvi ya nyumbani mara nyingi hufuata msimu. Mahindi yakishauzwa, fedha huingia nyumbani kwa mkupuo, na maswali huanza: nani amezipokea, ada ya shule iko wapi, kwa nini baba amerudi usiku wa manane akiwa amelewa? Yapo pia mambo yasiyo na msimu: ugonjwa, msiba, utasa, kukata tamaa.

Mtu aliyeelemewa atatafuta wa kumwambia. Asipompata katekista, mchungaji au mama wa jumuiya anayeaminika, atakwenda kwa mpiga ramli. Huko ataambiwa kwamba chanzo cha shida yake ni jirani au shangazi mzee. Atarudi na shida ileile, pamoja na adui mpya. Ndiyo maana kamati ya parokia haina budi kujifunza kushauri kwa Neno la Mungu.

1. Sikiliza kabla ya kusema
Rafiki zake Ayubu walikaa naye chini siku saba bila kusema neno. Hilo walilifanya vema. Walikosea baadaye, walipoanza kumweleza kwamba mateso yake yametokana na dhambi zake, nao mwishoni Mungu aliwakemea (Ayubu 42:7). Mshauri asianze na mstari wa Biblia. Aanze na kuuliza, kisha anyamaze.

2. Tunza siri
Mithali 11:13 inamtofautisha msengenyaji na mtu mwaminifu. Aliyosimulia mama jioni yasisikike kisimani asubuhi. Siri ikivuja mara moja, hakuna atakayekuja tena.

3. Usigeuze siri kuwa maficho
Hapa ndipo wengi wetu tunapojikwaa. Tamari, binti wa mfalme Daudi, alinajisiwa na Amnoni, ndugu yake wa baba mmoja. Absalomu, kaka yake, alimwambia anyamaze. Daudi alikasirika, lakini Maandiko hayatuonyeshi kwamba alifanya lolote. Tamari alibaki na ukiwa nyumbani kwa kaka yake. Miaka miwili baadaye Absalomu akaamuru Amnoni auawe. Ukimya haukuilinda familia ile. Uliilea chuki mpaka ikamwaga damu.

Tunaposema "mambo ya nyumbani yaishie nyumbani" kwa mama aliyevunjwa mkono au binti aliyenajisiwa, tunarudia neno la Absalomu. Wengine hutumia Mathayo 18 kumwambia anayepigwa arudi peke yake kwa anayempiga. Tusome mpaka mwisho: Yesu anasema pia waitwe mashahidi, na hatimaye kanisa. Njia yake inaelekea kwenye ukweli. Msamaha ni wajibu wetu sote, lakini hauzuii mkosaji kuwajibika.

4. Jua mpaka wako
Kubebeana mizigo hakumaanishi kubeba kila kitu peke yako. Ugomvi wa fedha, ulevi unaoanza, wakwe wasioelewana: haya tukae nayo, tusali, tufuatilie. Lakini kipigo, ubakaji, mtoto anayeumizwa, au mtu anayesema anataka kujiua, tumsindikize siku hiyohiyo kwenye kituo cha afya, kwa afisa ustawi wa jamii, au Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Kwa habari za mtoto, namba 116 hupigwa bure.

Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inakataza mume au mke kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria hiyohiyo inataka mgogoro wa ndoa upitie kwanza Baraza la Usuluhishi la Ndoa kabla ya kuombwa talaka mahakamani, isipokuwa katika hali maalumu zilizotajwa. Kusuluhisha ni kazi inayoheshimiwa, lakini hakumlazimishi mtu kurudi kwenye hatari.

Kwa wafadhili wetu: huduma hii haihitaji jengo kubwa. Inahitaji chumba chenye mlango unaofungwa, semina kwa washauri wa vigango, na nauli ya kumfikisha mgonjwa au mwathirika Sumbawanga mjini pale inapobidi.

Maswali ya kujadili katika kamati
(a) Katika kigango chetu, mwanamke mwenye shida anaweza kumwendea mwanamke mwenzake?
(b) Ni lini tulimwambia mtu "vumilia" mahali tulipopaswa kumsindikiza?
(c) Nani kati yetu atatunza nauli ya dharura, na itatolewaje usiku?

Mkijibu swali la tatu kwa kutaja jina na kiasi cha fedha, somo hili litakuwa limeanza kuzaa matunda.